Spoku za Healey ya Bluu

Jumatatu, 4 Machi

Meno amekuja leo. Daktari wa meno, yaani. "Meno" ni jina letu mimi na Mzee, mume wangu, tukiwa wawili. Mbele yake ni "Daktari" na tabasamu mpaka gego. Amekuja kukagua Healey. Ndiyo picha ya sita na ya mwisho. Jaguar, MG, Triumph, Aston Martin na Morgan tayari anazo — magari ya Kiingereza matupu, ya zamani, ya mbio, yote yamechorwa na mume wangu mpaka unatamani kufungua mlango uingie. Sasa anafungua kliniki mpya tarehe kumi na sita na anataka zote sita ukuta mmoja, pale wagonjwa wanapongoja zamu. Eti wakikodolea macho magari watasahau koleo. Mzee alicheka mpaka akakohoa.

Mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia mkono wake wa kulia. Alikuwa ameukalia ili usionekane ukitetemeka. Ameukalia, jamani, kama mtoto aliyeiba sukari! Meno hakuona kitu. Huyo kazi yake kutazama midomo.

Akauliza kumebaki nini. Mzee akamjibu kwa sauti ya mtu aliyeshiba: magurudumu tu.

Magurudumu tu! Bodi ilikwisha kabla mkono haujaanza kutetemeka. Bluu juu, rangi ya maziwa ubavuni, viti viwili vya ngozi, na ile kromu ya bampa ambayo haina rangi yake mwenyewe, inachukua ya kila kilicho karibu. Inapendeza mno. Na barabara yangu pia inapendeza, nijisifu kidogo hapa ambapo hakuna anayesoma. Tangu tuoane ndivyo tulivyo: gari lake, barabara yangu. Lami, ukuta, anga, na kivuli chini ya gari. Bila kivuli gari linaelea, yeye mwenyewe husema. Ndiyo maana ananiita Bibi Barabara.

Na hajui kuendesha, huyu mtu. Hata leseni hana. Akipewa Healey ya kweli leo ataisukuma.

Jumatano, 6 Machi

Siku mbaya.

Gurudumu la Healey lina spoku nyembamba nyembamba, kama za baiskeli ila nyingi zaidi, zinapishana. Hakuna pa kujificha. Boneti unaweza kuipaka ukarudia, lakini spoku ni mstari mmoja, pumzi moja. Mzee huegemeza mkono kwenye ile fimbo yake ya kuchorea, anabana pumzi, anavuta. Zamani nilikuwa naacha sufuria jikoni nije kumtazama akivuta.

Leo brashi ikigusa tu, inaruka. Kisha inanyooka, lakini imeshachelewa, mwanzo umeharibika. Akafuta. Akavuta tena. Ikaruka. Akafuta. Asubuhi nzima hivyo, kitambaa kikawa cha rangi ya fedha na gurudumu likabaki tupu. Mwishowe akatazama mkono wake akasema, "Huyu si mimi."

Nilijifanya natafuta mwiko. Nikiwa jikoni nikamsikia analia. Mume wangu! Kwenye mazishi ya mama yake alisimama kama nguzo, leo analia kwa ajili ya tairi. Nami nikalia huku kwangu, kimya kimya, kila mtu chumba chake.

Mchana dawa zake za mtetemeko zikamlaza kama kawaida.

Alhamisi, 7 Machi

Nimefanya jambo. Sijui kama ni jema.

Asubuhi alijikaza akachora robo ya gurudumu la mbele, robo ya juu. Spoku zote zimeruka mwanzoni. Safari hii hakufuta. Alitupa brashi kwenye kopo, akala vijiko viwili vitatu vya wali, akaenda kulala amegeukia ukuta.

Nikasimama mbele ya ile picha. Rangi ya mafuta haikauki upesi, ukitaka kufuta unafuta. Nikachukua kitambaa. Nikafuta spoku zake zote. Nikashika fimbo yake, brashi yake, kijivu chake alichochanganya mwenyewe — nimechanganya rangi za mtu huyu miaka na miaka, najua anapenda kijivu chenye tone la kahawia. Nikabana pumzi nikavuta.

Zilinyooka. Zote. Mkono wangu haukucheza hata kidogo, na nilijisikia vizuri, acha niseme ukweli, nilijisikia vizuri sana.

Alipoamka akaja na kikombe cha chai. Akasimama. Akasogea. Akavaa miwani, akavua, akavaa. Akaniuliza nimeona. Nikamwambia nimeona. Akasema asubuhi alidhani ameharibu kila kitu.

Hapo ndipo ningesema. Badala yake nikamwambia, "Ukichoka unaona kila kitu kimepinda. Macho hayo, si mkono."

Akanishika mabega yote mawili. Uso wake! Sijauona uso huo tangu mwaka juzi. Nikamwambia aniachie, ninaunguza vitunguu.

Jumamosi, 9 Machi

Robo ya pili. Amechora yeye asubuhi, nimechora mimi mchana. Ameamka, ametazama, amepiga mluzi. Anatembea uani kifua mbele kama jogoo.

Kanikejeli mezani: eti barabara yangu ya Healey ina mashimo. Nikamwambia aende akaichore yeye basi, mwenye mkono mzuri. Tulicheka. Kisha nikaenda kuosha vyombo na mikono yangu ikanuka tapentaini, nikaisugua kwa limau.

Jumatatu, 11 Machi

Mungu wangu.

Jumatatu huwa nasafisha kopo la brashi. Tapentaini chafu inatulia, namimina ile safi ya juu, natupa tope la chini. Leo kwenye tope nimekuta vidonge. Vidonge vyake! Vya asubuhi na vya jioni, vingine vimeshafunikwa na rangi, kimoja cheupe kabisa, cha leo. Alikuwa anavitia mdomoni mbele yangu, anakunywa maji, anakwenda kwenye stendi yake ya picha — na anavitema kwenye kopo.

Nikaenda nalo kopo mpaka mbele ya pua yake. Nikamuuliza haya ni mapambo? Hata hakuona haya. Akanijibu kwa raha zake: vya nini tena? Vinamtia kichefuchefu, vinampa ndoto za kufukuzwa, na mkono umepona. "Si unaona mwenyewe spoku?"

Si unaona mwenyewe.

Daktari wa hospitali alituambia, na alilisema polepole ili tusikie: dawa hii haiachwi ghafla. Mwili unaweza kujifunga kama mlango wa mbao uliovimba kwa mvua. Nikamkumbusha. Akasema daktari hajamwona akichora.

Nilikuwa na maneno mdomoni. Sentensi moja tu: spoku ni zangu. Nikamtazama, ana shati lenye tone la bluu kifuani, ananitazama kwa furaha, na maneno yakarudi tumboni. Mwoga mkubwa mimi! Nikamwambia tu anywe dawa. Akasema sawa, kwa ile "sawa" yake ya kufunga mjadala.

Robo ya tatu nimeifanya mchana huo huo. Kwa nini? Kwa sababu nisingeifanya angeuliza. Nimejitia kitanzi na mimi ndiye niliyesokota kamba.

Jumanne, 12 Machi

Ameanguka bafuni.

Alikwama kwanza. Alisimama mlangoni, miguu imeganda, mwili unataka kwenda na miguu haitaki, na mimi namwambia nyanyua, nyanyua, kisha akaenda chini kama gunia. Paji la uso limevimba. Nilimwinua peke yangu, sijui nguvu nilitoa wapi. Amekuwa mgumu, mikono, shingo, kila kitu. Maji yanampalia.

Nikamwambia unaona? Dawa! Akasema sakafu ilikuwa na sabuni. Hakukuwa na sabuni yoyote.

Nikasaga kidonge nikakitia kwenye uji. Akaonja kijiko kimoja, akasukuma bakuli. Akaniuliza kama namwona mtoto.

Binti yetu amepiga simu jioni, kama kila Jumanne. Swali la kwanza: "Mama, baba anakunywa dawa?" Nikasema anakunywa. Swali la pili: anachora? Nikasema anachora, tena vizuri. Akafurahi, maskini. Akasema alijua tu, baba yake si mtu wa kushindwa. Uongo umekuwa mwepesi kwangu sasa, unatoka wenyewe.

Alhamisi, 14 Machi

Kimenuka.

Meno kapiga simu. Mzee akaweka sauti kubwa ili nami nisikie, maana furaha ni yetu sote. Meno ana wazo! Wageni wake hawaamini kuwa zile ni rangi, wanadhani ni picha za kamera zimekuzwa. Basi Jumamosi, watu wakishajaa, Healey iwekwe katikati ya ukumbi na Mzee amalizie gurudumu la nyuma mbele yao wote. "Waone mkono," akasema. "Waone mkono ukifanya kazi."

Nikamkonyeza Mzee. Nikamkanyaga mguu. Nikatikisa kichwa mpaka shingo ikaniuma. Akaniangalia kama vile nina mdudu sikioni, akamjibu Meno kwamba kwake itakuwa heshima.

Heshima! Mbele ya watu wote hao, na shati jeupe, na brashi itagusa na kuruka, itagusa na kuruka, na hakutakuwa na usingizi wa mchana wala mimi na kitambaa. Watu watatazamana. Atajua mahali pale pale, amesimama, na mimi nitakuwa nimeketi kwenye kiti na juisi mkononi.

Nikamwambia akatae, ajisingizie homa. Akauliza kwa nini, sina imani naye? Tangu lini nimekosa imani naye? Na alikuwa ameumia kweli, sauti ilishuka.

Mchana alichora robo ya mwisho ya gurudumu la mbele, ya chini. Vibaya kuliko zote, mkono sasa unacheza hata akiuweka mapajani. Alipolala nikaifuta nikaichora. Nilikuwa nalia na spoku zilinyooka hivyo hivyo. Mkono huu wangu hauna huruma.

Ijumaa, 15 Machi

Asubuhi nilijiapia: leo namwacha achore, simgusi mtu wala kitu, aamke aone mwenyewe. Basi! Ndiyo njia rahisi.

Akaniambia leo hashiki brashi. Mkono upumzike kwa ajili ya kesho.

Nilikaa kwenye ngazi ya uani nikiwa nimeishiwa. Kwa mdomo siwezi. Nimejaribu mara mbili leo, mara ya kwanza nikamuuliza anataka chai, mara ya pili nikamuuliza shati gani. Na kwenye picha hakuna spoku hata moja iliyopinda ya kumwonyesha. Nimezinyoosha zote mimi, mwerevu mimi.

Kwa hiyo mchana, alipolala, nimefanya la mwisho. Robo ya chini bado mbichi. Nimefuta spoku zangu nzuri nikazichora upya, mbovu. Kwa makusudi. Nikautikisa mkono, nikaiyumbisha brashi, kila mstari ukaenda kama nyoka. Nilisimama nyuma nikatazama. Zinaonekana ni zake kabisa.

Kesho nitamwambia aitazame kwa mwanga wa asubuhi. Ataona mkono haujapona, atadhani juzi alijidanganya mwenyewe, atakunywa kidonge, nitampigia Meno. Atalia tena, lakini atalia nyumbani. Na hatajua kuhusu mimi. Hilo ndilo nalitaka, nisijifiche: aokoke, na asijue kuhusu mimi.

Ajabu ni kwamba kuchora vibaya kumenichosha zaidi.

Jumamosi, 16 Machi

Naandika jikoni, nimesimama. Dereva wa Meno yuko nje, amekuja kutuchukua sisi na picha. Amepiga honi mara moja.

Asubuhi nilimfunga vifungo vya shati. Vidole vyake havikuweza, na sote wawili tulijifanya ni mapenzi tu. Chai ilimpalia. Nikaweka kidonge kwenye kisosi, karibu na kikombe. Akakisogeza kwa kiwiko. Sawa, nikasema moyoni, ngoja kidogo.

Nikamwambia kabla hawajaichukua, hebu aitazame Healey kwa mwanga wa asubuhi. Tukaenda. Alikwama mlangoni, nikamvuta mkono, akapita. Nikasimama nyuma yake.

Alitazama. Akainama kwenye ile robo ya chini. Nikaanza kuandaa maneno yangu: pole, si kitu, yatapita, kunywa dawa.

Akasema, "Huu mtetemeko si wangu."

Nikamuuliza ni wa nani tena, tuko wangapi humu ndani?

Hakucheka. Akaninyooshea kidole spoku moja baada ya nyingine, na kidole chenyewe kinacheza. "Mimi natetemeka mwanzo. Brashi ikigusa tu. Ikishaondoka natulia, mwisho wa mstari unakuwa mzuri. Hii imetetemeka mwanzo mpaka mwisho, sawasawa, kama mtu anayechora mawimbi. Aliyechora hii hajawahi kutetemeka."

Tangu Jumatano ya wiki iliyopita nilikuwa naona brashi ikiruka mwanzoni, nimeiona kwa macho yangu mawili, na sikuikumbuka. Nimechanganya rangi zake miaka yote, mtetemeko wake sikuuangalia vizuri kwa sababu sikutaka kuuangalia.

Kisha akageukia robo nyingine tatu, zile zilizonyooka. Alizitazama moja moja, kwa kioo chake cha kukuzia, hana haraka. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Zangu ni zipi?"

Nikatikisa kichwa.

"Hata moja?"

"Hata moja." Nimesema. Kumbe ni maneno mawili tu.

Nilidhani atanipigia kelele. Ningependa anipigie kelele. Akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, na Morgan? Nikamwambia Morgan ni yake, yote, sijaigusa, naapa kwa mtoto wetu! Na Aston? Yake! Na Jaguar? Zote, zote ni zako, mimi ni barabara tu, jamani, ni hili gurudumu moja, nilikusikia unalia—

"Utasema nini kingine," akasema.

Na kweli, ningesema nini kingine? Picha tano ziko ukutani kwa Meno, kazi ya mkono wake mzima, na kuanzia leo akizitazama atakuwa ananitafuta mimi ndani yake. Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilifikiria dawa, wageni, aibu. Hilo sikulifikiria kabisa.

Kisha akachukua brashi nyembamba, akaitia kijivu, akaniwekea mkononi. Akanisogezea fimbo. Akaniambia gurudumu la nyuma, lile tupu.

"Chora. Nikuone."

Hajawahi kuniona nikigusa gari. Nikamwambia tutachelewa. Akasema chora. Nikaegemeza mkono, nikabana pumzi. Alisimama karibu hivi kwamba nilisikia anavyopumua kwa shida. Brashi ikagusa, ikaruka. Mkono wangu! Huu huu wa juzi na jana! Ikaruka mwanzo, kisha ikatulia, na mwisho wa mstari ukawa mzuri.

Akainama akautazama mstari ule kwa muda mrefu kuliko ile mingine yote.

"Huo ndio mtetemeko wenyewe," akasema.

Nikakimbilia huku jikoni, nimesingizia naangalia jiko. Kidonge bado kiko kwenye kisosi. Kupitia mlangoni namwona amesimama mbele ya Healey na kitambaa cha tapentaini mkononi, kitambaa kinatikisika, na bado hajafuta kitu. Sijui atafuta mstari wangu wa leo au zile robo zote nne.

Honi tena. Na sasa ananiita. Si Bibi Barabara, ananiita kwa jina langu, na sijui kama anataka nimvue shati tubaki au nimvalishe viatu twende.